Methali za chakula hazipikwi katika chungu kimoja

Kiswahili kina utajiri mkubwa wa methali na misemo inayohusu chakula, na pengine ndiyo sababu mada hii huandikwa sana na kuandikwa vibaya. Mwandishi hukusanya methali thelathini au arubaini, akaweka mbele ya kila moja maana ya mstari mmoja, kisha akafunga kwa kutuasa tuienzi lugha yetu. Msomaji humaliza akiwa na orodha, si maarifa.

Majuzi mwalimu mmoja wa Kiswahili kutoka Mogogosiek, katika eneobunge la Konoin, Kaunti ya Bomet, aliniletea makala ya aina hiyo pamoja na jibu la mhariri aliyeyakataa. Jibu lenyewe lilikuwa fupi: "Hii ni orodha. Makala yako wapi?" Mwalimu alikuwa amekasirika kidogo, na nilimwelewa. "Prof, methali zote ni sahihi, na maana zote ni sahihi. Sasa anataka nini?"

Ni kweli. Nilizipitia zote arubaini na sikuona iliyoharibika. Lakini mhariri naye alikuwa na hoja, na kwa ruhusa ya mwalimu ningependa kuieleza hapa, maana haimhusu yeye peke yake. Inawahusu waandishi wengi. Zaidi ya hao, inawahusu wanafunzi ambao hukutana na swali la methali katika karatasi ya insha ya KCSE wakiwa na maana ya mstari mmoja tu kichwani. Wengi huandika kurasa tatu kuhusu bidii, wakashangaa baadaye kwamba methali waliyopewa haikuwa ya bidii hata kidogo.

Katika orodha ya mwalimu nilihesabu methali tano zilizofasiriwa kwa maneno karibu yale yale, yaani "bidii huleta mafanikio". Nazo ni hizi: Mchumia juani hulia kivulini, Mgaagaa na upwa hali wali mkavu, Haba na haba hujaza kibaba, Fuata nyuki ule asali, na Mvumilivu hula mbivu. Hebu tujiulize: kama zote tano zinasema jambo moja, wahenga walihitaji tano za nini? Si moja ingetosha?

Hazisemi jambo moja. Zinaonekana kusema jambo moja kwa sababu tumekitoa chakula tukabakisha nasaha. Kirudishe chakula mahali pake, na kila methali itasimama peke yake.

Tuchukue Mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Upwa ni ile sehemu ya ufuo inayoachwa wazi maji ya bahari yanapokupwa. Anayegaagaa humo, akirandaranda na kuchungulia mashimo ya mawe, hakosi pweza, kaa au samaki aliyeachwa na maji. Wali mkavu ni wali usio na kitoweo. Basi methali hii haiahidi utajiri. Inaahidi kitoweo cha leo. Tena haimsifu mtu wa jembe na jasho, bali mtu wa kutafutatafuta, asiyekaa nyumbani akingoja kuletewa. Mama anayezunguka tangu asubuhi akiulizia kibarua cha kufua, akarudi jioni na pesa za mboga, ndiye mgaagaa wetu.

Haba na haba hujaza kibaba ni habari nyingine kabisa. Kibaba ni kipimo cha nafaka, na vibaba vinne hufanya pishi moja. Mtoto wa Mogogosiek huenda hajawahi kukiona kibaba, lakini gorogoro ya mahindi anaijua vizuri. Mwambie kwamba hata gorogoro hujazwa konzi kwa konzi, na ataelewa. Methali hii haisemi mtu ajitume, inasema asidharau kidogo. Ndiyo methali ya chama cha akiba. Ni methali pia ya mkulima mdogo anayepeleka kapu la majani chai kwenye kituo cha kununulia, kilo zikaandikwa siku baada ya siku, hadi bonasi ya mwaka ifike.

Fuata nyuki ule asali inahusu kuandamana na ajuaye. Nyuki ndiye afanyaye kazi. Wewe busara yako ni kumtambua na kumfuata. Kandokando ya Msitu wa Mau, ambako urinaji wa asali ni kazi ya jadi, hakuna haja ya kueleza zaidi. Na wanaojua kazi hiyo watakuongezea jambo ambalo vitabu husahau: nyuki huuma. Anayefuata mjuzi hufuata na uchungu wake.

Mvumilivu hula mbivu nayo ni ya subira, na imejengwa juu ya tunda. Embe lisubiriwe, liive. Hapa nilimwambia mwalimu asimame kidogo aangalie nje ya dirisha lake. Chai je? Jani la chai likiachwa likakomaa, kiwandani halitakiwi. Mchunaji anatafuta majani mawili na chipukizi, machanga, na ni lazima arudi kwenye kichaka kile kile kabla hayajawa magumu. Mvumilivu wa shamba la chai hali kitu! Kwake inafaa methali iliyo kinyume: Ngoja ngoja huumiza matumbo. Methali hizi mbili hazigombani. Kila moja ina zao lake na msimu wake, na kazi ya makala ni kumwonyesha msomaji lini atumie ipi. Orodha haiwezi kumwonyesha hilo.

Imebaki ya tano, Mchumia juani hulia kivulini, ambayo nitairudia baadaye kwa sababu ina fundo la kisarufi. Maana sarufi ndiyo hatua ya pili ya kuyatengeneza makala haya. Methali nyingi za chakula zina maneno yenye sura moja na maana mbili, na mwanafunzi wa bara huchukua ile anayoijua.

Mfano maarufu ni Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mgema ni mtu apandaye mnazi kutoa pombe yake, na pombe hiyo ndiyo tembo. Huko kwenye milima ya chai hakuna minazi, na tembo anayejulikana ni yule wa mbugani mwenye mkonga. Walimu wengi humaliza ubishi kwa kusema, "Hapana, hapa tembo ni pombe," mtoto akakubali kwa sababu mwalimu kasema. Lakini ushahidi umo ndani ya methali yenyewe. Tazama kitenzi: hu-li-tia. Hiyo "li" ni kiwakilishi cha ngeli ya LI-YA. Angekuwa mnyama, tungesema "humtia". Mtoto akionyeshwa silabi hiyo moja, hahitaji tena kuamini kwa imani.

Ukipenda boga, penda na ua lake ni vivyo hivyo. Kiswahili kina "ua" lenye wingi "maua", na "ua" wenye wingi "nyua", yaani kizuizi au uwanja wa nyumba. Wapo wanaoeleza kwamba ukipenda boga upende na boma linamomea. Maelezo matamu, lakini sarufi inakataa. Ingekuwa boma, methali ingesema "ua wake". "Lake" linatuambia ni lile la maua.

Na Ganda la muwa la jana, chungu kaona kivuno? Chungu ni chombo cha kupikia, chungu ni ladha ya mwarobaini, na chungu ni mdudu mdogo, jamaa ya sisimizi. Wanafunzi hudhani muwa wa jana umekuwa mchungu. Kumbe "kaona" ni kitendo cha kiumbe mwenye macho: mdudu ameliona ganda lililotupwa, kwake likawa mavuno. Unachokitupa wewe ni karamu ya mwenzio.

Sasa turudi kwa mchumia juani. Mwalimu alinisimulia kwamba darasani mwake mwanafunzi mmoja alieleza methali hii hivi: anayechuma juani mwishowe hulia machozi kivulini. Darasa lilicheka. Lakini kosa hilo lina akili ndani yake, kwa sababu umbo "hulia" kweli linabeba maana zote mbili. Kuna kulia kwa machozi, na kuna kulia kunakotokana na kula, kama katika "chumba cha kulia". Tutajuaje ni ipi? Kwa kutazama jozi. Kitenzi cha kwanza ni chuma kikaongezwa kiambishi cha kutendea, kikawa chumia, kwa sababu kinafuatwa na mahali: juani. Cha pili ni la, kikafanywa vivyo hivyo, kikawa lia, nacho kinafuatwa na mahali: kivulini. Methali imepimwa kwa mizani, upande huu kuchumia juani, upande ule kulia kivulini. Anayetaabika sasa atakula kwa raha baadaye. Suala hapa ni mpangilio wa wakati: jua kwanza, kivuli baadaye.

Hatua ya tatu ni kutenganisha aina. Katika orodha ile, methali zilichanganywa na nahau kama mchele na mchanga. Kutia chumvi si methali. Ni nahau, maana yake kuongeza maneno yasiyokuwapo. Kula chumvi nyingi nayo ni nahau, maana yake kuishi miaka mingi. Chumvi ni ile ile, ila ya kwanza ni lawama na ya pili ni heshima. Kitenzi "kula" peke yake kina ukoo mzima: kula kiapo, kula njama, kula hasara, kula mlungula. Ukizitazama pamoja unaona kwamba Mswahili hali vya kushibisha tu. Huingiza mwilini hata yanayomfunga na yanayomdhuru. Hilo ni wazo la kuandikia aya nzima, lakini halionekani nahau hizo zikiwa zimetawanywa namba 7, namba 19 na namba 33.

Hapo hapo aziondoe tafsiri zilizovaa kanzu ya methali. Ile ya wapishi wengi kuharibu mchuzi imetoka kwa Waingereza. Watu wa pwani walikuwa na yao kwa maana hiyo hiyo, nayo haina jikoni wala sufuria: Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Si dhambi kutafsiri, ila msomaji aambiwe.

Hatua ya nne, ambayo waandishi wengi huiruka, ni kusema methali husemwa na nani, kwa nani, wakati gani. Chukua Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ukiisoma kwenye orodha utadhani wenyeji humsubiri mgeni mlangoni na jembe asubuhi ya tatu. Mwenyeji mwenye adabu hawezi kumtamkia mgeni wake maneno hayo usoni. Husemwa kwa mzaha, au na mgeni mwenyewe anapoomba aonyeshwe kazi ya kusaidia, au katika kujadili jamii nzima. Mwaka 1962 Mwalimu Julius Nyerere aliitumia katika andiko lake kuhusu Ujamaa, kutetea hoja kwamba katika jamii zetu za zamani kila mtu alikuwa mfanyakazi na ukarimu haukuwa ruhusa ya kunyonya. Methali ya mezani ikawa hoja ya siasa. Weka kando yake Mgeni njoo, mwenyeji apone, inayosema kwamba akija mgeni hata watoto wa nyumba hula vizuri, na utakuwa na mjadala wa kweli kuhusu ukarimu wetu.

Hatua ya mwisho ndiyo iliyonigusa zaidi. Nilisoma makala ya mwalimu yote na sikumwona Mogogosiek ndani yake. Kulikuwa na nazi, wali, muwa, pweza, asali. Hakukuwa na chai! Mtu anayeishi penye kiwanda cha chai, katika eneo ambalo zao hili limetawala maisha tangu mashamba makubwa ya Kericho yaanzishwe miaka ya 1920, na wakulima wadogo wakajiunga kwa wingi chini ya KTDA iliyoundwa mwaka 1964, anaandika kuhusu misemo ya chakula bila kutaja chai. Nilipomuuliza, alijibu, "Prof, nilidhani Kiswahili chenyewe ni kile cha pwani."

Nadhani hapa ndipo penye hasara kubwa. Tunawafundisha walimu na wanafunzi wa bara kwamba wao ni wageni katika lugha hii, wa kupokea tu, kisha tunalalamika kwamba hawaimiliki. Chai ina misemo mingi kuliko tunavyodhani. Chai isiyo na maziwa huitwa chai ya mkandaa huko pwani, kwa rangi ya gome la mkandaa, mti wa mikoko uliotumiwa kutia rangi. Tanzania ni chai ya rangi, na mitaani kwetu ni strungi. Hayo ni majina matatu ya kikombe kimoja, na moja limetoka baharini kuja kuliita jani la mlimani. Mkenya akiambiwa "toa chai" barabarani anajua anaombwa hongo. Kijana wa Tanzania akisema "hiyo ni chai" anamaanisha ni uongo mtupu. Na mursik, maziwa ya Wakalenjin yanayogandishwa kwenye kibuyu kilichosafishwa kwa mkaa, limeshakuwa neno la Wakenya wote tangu tuanze kuwaona wanariadha wakinyweshwa mara wanaposhuka kutoka ndegeni.

Haya yote ni Kiswahili, na yanahitaji wakusanyaji. Mmishenari William Taylor alichapisha mkusanyiko wake wa methali za Waswahili mwaka 1891, na S. S. Farsi akachapisha misemo ya Unguja mwaka 1958. Walisikiliza watu waliokuwa karibu nao, wakaandika. Mwalimu wa Mogogosiek anaweza kufanya hivyo hivyo akiwa kwenye foleni ya kupima majani. Aandike neno, mahali alipolisikia, aliyelisema na jambo lililokuwa likizungumzwa. Wazee wakimpa methali za Kikipsigis kuhusu wimbi au maziwa, aziandike kwa Kikipsigis kwanza, kisha ndipo afasiri. Asiupe msemo wa juzi cheo cha methali ya wahenga. Wakati ndio utakaoamua.

Basi makala yatengenezwe vipi? Nilimshauri aache arubaini achukue tisa, na azifunge kwa swali moja. Yeye mwenyewe alilichagua: nani hufanya kazi, na nani hula? Swali hilo lina uzito Mogogosiek kuliko mahali pengi. Mchumia juani atakuwamo, pamoja na mgaagaa, mgeni na jembe lake, Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na Mchuma janga hula na wa kwao. Itakuwamo pia nahau moja inayosikika sana siku hizi kwenye maeneo ya chai: kumwaga unga, yaani kupoteza kazi. Mashine za kuchuna chai zimewaondoa watu wengi mashambani, na mwaka 2023 hasira ilifika mahali mashine zikachomwa moto huko Kericho. Hapo "kumwaga unga" si pambo la lugha. Unga uliomwagika ni ule wa ugali wa jioni.

Na yule mwanafunzi aliyesema kwamba mchumia juani hulia machozi, nilimwomba mwalimu asimwache nje ya makala. Kisarufi amesahihishwa, na ni lazima asahihishwe, maana mtihani hautamhurumia. Lakini methali ni ahadi ambayo jamii hujipa, kwamba aliyechuma atakula. Mtoto anayeona mchumaji akichuma na asile ana haki ya kuuliza ahadi hiyo inatimizwa na nani. Swali kama hilo ndilo linaloifanya orodha iwe makala, na hakuna mhariri mwenye macho atakayelirudisha.